Kabureta ya Baba Anitha

Jumapili, 1 Septemba 2024

Nimerudi kanisani peke yangu. Yotham hakuja. Nimemkuta uani, ametandika gunia, boneti liko wazi, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko.

Tangu tumzike binti yetu Anitha, mume wangu hajaligusa lile gari — hata kulitazama. Kuku wamekuwa wakilala mle nyuma kwenye bodi. Leo kaamka nalo tu. Nikamuuliza, umekunywa uji? Nikauacha karibu na tairi. Jioni nimeukuta pale pale, umeganda, umejaa mchanga.

Jumatatu, 2 Septemba

Kaleta kabureta ndani! Juu ya meza ya kulia, juu ya kitambaa nilichofuma mwenyewe. Kanieleza kwamba hiyo ndiyo inayochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini — kwa sauti yake ya kawaida kabisa. Hajasema maneno mengi hivyo tangu msiba. Nilitaka kumsikiliza.

Lakini harufu ile! Asubuhi ile ya kumwahisha Anitha hospitali petroli ilinuka mle ndani ya gari mpaka akawa anaziba pua kwa kanga yangu. Nikatoka. Nikaenda kusimama shambani. Zabibu zimeiva, nyingine zinadondoka. Hakuna anayezichuma. Na sisi hatuzichumi.

Alhamisi, 5 Septemba

Mama mkwe, Bibi Dorkasi, kaja kutoka Buigiri. Nimemwamkia, kaitikia, kisha moja kwa moja: hilo gari liondoke. Lipelekwe hata kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Yeye hawezi kumeza chakula akiliona.

Yotham hakuinua kichwa kutoka kwenye kabureta pale mezani. "Mama, haliondoki mpaka liwake."

"Likiwaka ndiyo atarudi?"

Yotham akainuka na spana mkononi. Akapita katikati yetu, akaenda zake nje. Mama akabaki amekaa mbele ya vile vyuma, analia bila sauti. Nimempa maji.

Jumamosi, 7 Septemba

Nurdini amekuja na pikipiki. Ni fundi, mtu wa Kondoa, gereji yake iko mjini. Kanisalimia: "Pole, Mama Anitha." Wenzangu wa hapa Hombolo siku hizi wanababaika, hawajui waniite nani. Mmoja juzi kaniita "dada". Nilitamani Nurdini aliseme tena jina langu.

Kaigeuzageuza kabureta. Imekwisha, kasema. Kuna kisindano ndani kinachofunga petroli ikishatosha — kimelika. Basi petroli inafurika, plagi zinalowa, gari linazima. Kusafisha hakusaidii. Atatafuta nyingine.

"Mtu angejua mapema?" Yotham kauliza.

"Kaka, kitu kinalika ndani kwa ndani. Nani angekiona?"

"Kukiona, hapana. Nilikisikia. Lilikuwa linakohoa wiki nzima. Nikasema tumalize zabibu kwanza."

Nurdini akainama, akawa anajifuta mikono iliyokuwa safi. Mimi nikaenda kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu.

Kumbe ndicho alichokibeba! Siku zote hizi!

Jumanne, 10 Septemba

Upepo. Vumbi kila mahali. Yotham hali, halali. Nimefua tena shuka la Anitha. Lilikuwa safi.

Jumatano, 11 Septemba

Niiandike siku ile, mara moja tu, basi.

Anitha alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Tulizoea maumivu yake — dawa, maji mengi, kumkanda, yanapita. Miaka kumi na mmoja yalikuwa yanapita. Safari hii hayakupita. Alfajiri macho ya njano, midomo imepauka, anahema kama ametoka kukimbia. Tukaondoka. Gari likaenda vizuri, tukawa tunakaribia Ihumwa. Likakohoa. Likazima.

Yotham akapiga stata. Akapiga tena. Akafungua boneti, akafyonza mpira wa petroli kwa mdomo, akatema, akafyonza. Akalipiga teke. Anitha kichwa kiko mapajani mwangu. Akasema, "Baba, usiligombeze. Litawaka."

Jua likatoka. Kule mbele kwenye lami magari ya watu wanaowahi ofisini Mtumba yanapita, tunayaona. Yotham akakimbia kupunga mkono. Mwishowe lori la mchanga likatuchukua. Hospitali walimpokea mbio, wakamtundikia damu. Damu ilikuwa bado inaingia —

Hapana. Inatosha.

Ijumaa, 13 Septemba

Nurdini kapiga simu. Imepatikana, ya gari lililofumuliwa, lakini nzima. Yotham kanituma mjini. Yeye hataki kutoka.

Nimepitia hospitali kwanza. Sikumwambia. Daktari aliyempokea Anitha ni kijana tu, kumbe ananikumbuka. Kanipa kiti, sikukaa. Nikamuuliza: tungewahi, angepona? Nilitaka aseme hapana, mama, isingesaidia. Hapana tu! Neno moja la kumpelekea mume wangu.

Kavua miwani. Kasema angeweza kuniambia la kunituliza, lakini ukweli ni kwamba hajui. Damu ilikuwa imeshuka sana. Wapo wanaowahi wakafariki, wapo wanaochelewa wakapona. "Wa kwako, mama, sijui. Nimejiuliza na mimi."

Nikasema asante, baba. Nikatoka nikakosea mlango, nikajikuta kwenye wodi ya wazazi. Vitoto vinalia!

Kabureta nimekuja nayo mapajani, imefungwa kwenye gazeti. Ndogo. Inaenea kwenye viganja viwili.

Yotham kauliza mbona nimechelewa. Nimesema nilikosa usafiri.

Jumatatu, 16 Septemba

"Shika hapa," kasema. Nikashika. Yeye anakaza, mimi nimeshika, vichwa vyetu karibu kugongana. Anajua kazi yake, mikono haitetemeki. Kisha: "Kaa kwenye usukani, upige stata."

Sikuwa nimeingia mle tangu siku ile. Nikakaa. Nikatazama mbele tu.

Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili likakohoa, nikataka kushuka nikimbie. Mara ya tatu — likawaka! Likanguruma sawasawa, bila hata kukanyaga mafuta. Kuku wakatawanyika. Nikapiga kigelegele. Kilinitoka chenyewe, kisha nikaona aibu.

Yotham simwoni. Kumbe ameketi chini, mbele ya gari, kisindano cha kabureta ya zamani kiganjani.

"Kumbe ni hiki tu," anasema. "Zipora, kumbe ni hiki tu."

Nikazima, nikashuka, nikakaa naye mchangani. Msibani yeye alilia kule kwa wanaume, mimi ndani na wanawake. Leo tumelia mahali pamoja. Baadaye kala ugali. Kidogo, lakini kala.

Jumatano, 18 Septemba

Kaoga. Kavaa shati jeupe. Nikadhani anakwenda kuona wachumaji wa zabibu, nikafurahi. Kasema, "Jiandae. Tunakwenda mjini."

Kufanya nini?

"Nataka nimwone yule daktari. Nimuulize kama tungewahi ingekuwaje. Akiniambia, nitajua pa kuanzia."

Kwa hiyo hilo ndilo alilokuwa analitengenezea gari.

Nimesema ngoja nichukue kanga. Kanga iko begani, niko chumbani naandika. Gari linanguruma nje. Nimwambie hapa hapa, kwamba mimi nimeshauliza? Atasema nilimficha. Nikinyamaza tutapita pale pale Ihumwa, yeye anaendesha, ana matumaini, mimi pembeni yake najua. Na je, daktari akiona uso wake akamhurumia, akamwambia lile hapana nililolitaka? Nitaweza kukaa nalo kimya?

Au mimi ndiye niliseme. Sasa hivi. Kwamba daktari alisema isingesaidia. Ataniamini. Hajawahi kuacha kuniamini.

Kapiga honi. "Zipora! Petroli inaungua bure!"

Nakuja, nimejibu. Sijainuka.

Kazima gari. Nasikia mlango wake. Nasikia viatu barazani, kasimama, anaita taratibu, "Kuna nini, mama?" —