Nyota Niliyoitangaza Kabla ya Kuitazama

Mshauri wangu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi nakudai yako. Mimi ni Mdoe wa Kang'ata, darasa niliishia la sita lakini macho hayakuishia hapo, ndiyo yaliyomwona chui akipepesa jicho ng'ambo ya bonde watu wazima wanne wakiona jiwe tu, na mashahidi wapo ingawa wawili wamehama. Mpwa wangu Mwanaisha, mwalimu wa sayansi kule Vugiri, alinifundisha kutazama nyota moja nyekundu ambayo mwanga wake hupanda na kushuka kwa miezi, unailinganisha na jirani zake wawili wasiobadilika, mmoja mkali mmoja hafifu, unaandika mwanga wake uko karibu na wa yupi, yeye kwake mimi kwangu, kisha anatuma madaftari yote mawili kwa wenzake wanaochunguza nyota. Mtoto yule, mshauri, ukungu ukifunga anaandika "sikuona" bila kuona aibu, neno ambalo mimi sijaliandika hata siku moja.

Sasa mwezi uliopita, kwenye kahawa pale Chanika, nikawatangazia watu kwamba Jumamosi nyota yangu itamshinda jirani yake mkali, Jabiri akacheka, "Mzee Mdoe, umeitia mafuta?" nikamwambia subiri, na Jumamosi baada ya magharibi nikaikodolea mpaka machozi yakanitoka, na wallahi niliiona imewaka, nikaandika. Mwanaisha saa ileile aliandika imefifia kabisa. Juzi kanipigia: "Mjomba, wewe ulimwona chui ng'ambo ya bonde, mimi ni nani? Tulipotofautiana nafuta yangu naweka yako, Ijumaa natuma." Nikasema, "Sawa mwanangu." Tangu hapo nimelipekua daftari langu na kila nilichotabiri ndicho nilichoona, sijakosea hata mara moja, na mtu wa hivyo hata mimi simwamini. Nifanyeje?

JIBU LA BI EMILIANA

Shikamoo, Mzee Mdoe. Hiyo hapo uliyodai.

Uliona, nakuamini. Ila uliona ulichokwenda kutafuta. Mimi nilikuwa muuguzi miaka kumi na tisa; muuguzi wa pili akipima presha humwambii wa kwanza kapata ngapi, maana akijua, sikio lake litasikia namba ileile, na wala si mwongo. Wewe ulitoa jibu kahawani, halafu ukayatuma macho yakalete ushahidi. Na nimeulizia: nyota nyekundu ukiikodolea sana inazidi kuonekana kali. Itupie jicho fupi, andika, na kurasa za nyuma usizifungue kwanza.

Lakini kumwacha binti afute kazi yake ya haki ili chui wako abaki chui, hapo nakugombeza, shikamoo weka pembeni. Watu wazima wangapi wanaweza kuandika "sikuona"? Mpwa wako anaweza. Na wewe uliyejikamata mwenyewe kwenye daftari lako, hongera, si wengi.

Mpigie leo. Mwambie, "Mwanaisha, usifute hata mstari." Mistari yako nayo ibaki, ila kwenye ile Jumamosi andika pembeni, "Niliitangaza kabla ya kuitazama." Kisha nenda Chanika ukamwambie Jabiri haikuwaka. Atacheka, mwache acheke, maliza kahawa yako. Na siku mawingu yakifunga Kang'ata, fungua daftari uandike lile neno ambalo hujawahi kuliandika.