Ukungu wa Ng'ambo na Vumbi la Mirihi

Mpendwa mama mkwe,

Shikamoo, hata huko uliko.

Miaka ile ya ukimbizi, ulipotoka Kongo ukavuka ziwa ukafikia kwetu Gungu, adabu ya ukwe, ya kutotazamana wala kupeana kitu mkono kwa mkono, ilitutesa sote wawili. Jioni tulikwenda ufukweni Katonga kuanua dagaa wako, wewe na binti yako mbele, mimi nyuma kama mlinzi asiyelipwa. Picha za Mirihi nilizochapisha mjini nilimpa mke wangu, naye akakupa, ingawa mkono wangu ungekufikia.

Mwalimu wa jiografia hajajaaliwa kunyamaza. Nikakueleza, nimekupa ubavu, kwamba kuna chombo kinachoizunguka sayari ile na kuipiga picha kila siku. Jeupe linalorudi alasiri juu ya mlima uleule ni wingu la barafu. Lile la rangi ya udongo, linalohama likimeza mabonde, ni dhoruba ya vumbi. Uliguna tu. Ulikuwa ukitazama ng'ambo, milima yenu imepotea kwenye ukungu wa kiangazi. Baba mkwe alibaki huko na mbuzi wake, amekataa katakata kupanda boti.

Ukamwuliza binti yako, ili mimi nisikie, kama wingu lile la ng'ambo ni vumbi au moshi. Likiwa vumbi, ungevuka kumfuata mumeo. Likiwa moshi, basi vijiji vinachomwa, ungebaki. Nilikodoa macho mpaka yakatoka machozi, nikasema sijui. Mirihi tunaitazama kutoka juu. Ng'ambo tunaiona kwa ubavu.

Hapo adabu ikakuishia, ukanigeukia usoni.

"Mukwe, habari ya Mirihi unajua yote. Ya kwetu hapa unashindwa?"

Jumamosi ukavuka, bila jibu langu. Nyumbani binti yako akawa ananipa chakula bila maneno. Hatimaye wafanyabiashara wa maboti wakaleta salamu zako: "Mwambieni mwalimu, ile ilikuwa moshi. Watu wamerudi, wanachoma mashamba wapande."

Ukaishi na mumeo mpaka mkazeeka, ukazikwa huko. Sina kilio cha kukuandikia, mama; ulipata ulichokifuata.

Mimi bado natazama picha zangu. Dhoruba ya Mirihi ikitulia, vilele hutokeza kwanza, kisha nchi nzima, safi, na hakuna hata mmoja aliyerudi kulima. Ndipo ninapokukumbuka.

Lala salama.

Mkwe wako, mwalimu