Moto wa Pili

Mutua, mume wangu mdogo,

Huku Zombe tu wazima, na mbuzi amezaa mapacha. Umeuliza kwa nini vyuma mnavyosubu huko karakanani vinapasuka mkishavifanya vigumu.

Baba yangu alikuwa mhunzi. Kila aliyenichumbia alipewa springi ya lori atengeneze shoka. Wa kwanza alilitumbukiza kwenye maji likiwa jekundu, akalileta mbio. Lilipasukia kwenye kisiki. Babu yako, uliyerithi jina lake, alilipoza lake kwa mafuta ya mbarika, akalisugua likang'aa, akalirudisha kwenye makaa yaliyofifia mpaka likawa na rangi ya asali.

Baba, aliyechoka kumngoja, akafoka, "Huyu ni mvivu!"

Mimi nilikuwa nishachagua. Chuma kigumu kipe moto wa pili, mdogo. Shoka lile ndilo ninalochanjia kuni mpaka leo.

Nyanya yako