Kanda ya Baba

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Sisi tupo, ila uchovu. Shajara yangu inasema ilikuwa Jumanne: yule mwimbaji wa Baba alitimiza miaka themanini, na redio ikapiga ule wimbo wake wa taratibu kutwa nzima. Mwuza nyama aliweka kisu chini akaimba na wateja wake. Fundi viatu alilia waziwazi, na hakuna aliyemcheka.

Nikampelekea Baba redio kitandani nikidhani atafurahi. Akasikiliza kidogo tu.

"Zima. Huo sio wenyewe."

"Baba, ndio huohuo, tena safi, hauna mikwaruzo."

"Nimesema zima, mama. Niwekee wangu."

Wake ni ile kanda aliyorekodi kwa kuweka kinasa sauti mbele ya redio sebuleni, sisi tukiwa wadogo. Kwenye ubeti wa pili unasikika wewe ukiingia mbio na kupiga kelele, "Baba, chai inapoa!" Alikuchapa siku ile kwa kumharibia wimbo. Sasa hapo ndipo anaponiomba nirudishe nyuma. Jana nilihesabu mara kumi na moja.

Jina lako hajalitaja tangu mlipogombana, na hatalitaja, unamjua alivyo. Daktari anasema mwezi huu hataumaliza. Kanda imeanza kukwama, nami nimechoka kuirudisha. Njoo uongee mwenyewe.

Dada yako uliyemwachia Baba