Nepi Zilizopindwa Mapema

Jumatatu, 4 Machi
Daftari hili ni la vipimo vya wateja. Mbele kuna tumbo la mwalimu mkuu — inchi hamsini na mbili! Nyuma ni siri zangu.

Mkunga wa zahanati kampa mke wangu Adoma orodha: sabuni, beseni, nepi za kitambaa dazeni mbili. Kasema asiyekuja na vyote asimpigie kelele. Kasema pia, kwa presha ile, Adoma asithubutu kuzalia nyumbani. Adoma yuko kwao, kama desturi. Mama mkwe, Maame Konadu, kaisoma orodha kama hati ya polisi. Kwake hakiingii kitu cha mtoto kabla ya mtoto. Hata pini!

Basi zahanati inataka nepi kabla, mama mkwe anataka baada. Mtoto mwenyewe hajaulizwa.

Jumanne, 5 Machi
Nimekwenda kwa bibi yangu, Nana Dufie. Kacheka mpaka meno yake yote mawili yakaonekana. "We Yaw, shuleni ulikuwa unalala? Wapelekee matambara!"

Kafungua sanduku, katoa vitenge vyake vya ujanani, laini kama sikio la mbuzi. Chana kwa mkono, kasema, rundika, basi. Tambara si kitu cha mtoto. Akishazaliwa ndipo tutaliita nepi.

Yaani wazee wetu wanadhani balaa ni kipofu!

Jumatano, 6 Machi
Sikukuu ya Uhuru. Watoto wa shule wanapiga gwaride juani, wawili wameshazimia. Fundi Tawia, bosi wangu, kaenda kukaa na wakubwa ndani ya suti niliyoshona mimi. Duka langu peke yangu! Cherehani changu!

Nikayatazama yale matambara. Nyuzi zinaning'inia kama ndevu. Mwanangu mimi, mtoto wa fundi, avikwe hivi? Nimeyapinda yote. Pindo mara mbili, mshono mdogo mdogo, kona kali. Ishirini na nne, na sijala! Niliacha shule kidato cha pili, lakini mshono wangu haufumuki. Hata Fundi Tawia anakubali, na sifa zake ni kama mvua ya Januari kwetu, haiji.

Ijumaa, 8 Machi
Nepi ziko sandukuni, dukani. Kila mteja namfunulia kidogo. Muuza kenkey, yale madonge ya mahindi, kasema hata mtoto wa chifu hajapata kama hizi. Nimemwambia chifu anajua duka lilipo.

Jumapili, 10 Machi
Maame Konadu kapita dukani akitoka kanisani. Nikajua sifa zimemfikia. Nikafungua sanduku mwenyewe, kwa mbwembwe. Nilisubiri matusi au pongezi, vyote naviweza.

Kachukua nepi moja, kapitisha kidole kwenye upindo, mwanzo hadi mwisho.

"Mkwe, nani alikwambia umalize?"

Nikasema hazikununuliwa, Maame, ni vitenge vya Nana.

"Tambara halimsubiri mtu. Kitu kilichokwisha kushonwa kinamsubiri mtu. Na mara ile ulimaliza."

Akaondoka.

Mara ile. Mwaka juzi. Nilishona dazeni moja nyeupe, nikazianika mtaa mzima uone. Mtoto alikaa siku mbili. Siku ya nane, ya kupewa jina, hakuifikia. Wazee wakasema alikuwa mgeni, kapita tu, mgeni haliliwi. Sikulia. Mimi mtiifu sana!

Ilikuwa homa. Mkunga alisema homa. Nepi haziui mtu.

Jumatatu, 11 Machi
Adoma kaambiwa. Kaongea nami dirishani. Afadhali angepiga kelele.

"Yaw, na zile siendi zahanati. Nitazaa hapa kwa mama, kwenye mkeka."

Nikamkumbusha presha. Nikamwambia wewe umemaliza sekondari, mke wangu, unaogopa uzi?

"Nimesoma, ndiyo. Na nilirudi nyumbani mikono mitupu. Kafumue."

Kafunga dirisha.

Jumanne, 12 Machi
Wembe, siku nzima. Nepi nne! Mjinga gani alishona hivi? Fundi Tawia anapita, anachungulia: "Kijana, si ulisema haufumuki?" Kacheka mpaka kakaa chini. Kesho suti yake nitaisahau chini ya pasi.

Jumatano, 13 Machi
Kumi na tano. Nana kaja na uji, na miwani iliyofungwa kwa uzi. Kachukua wembe wa pili, kakaa kando yangu. Kanitukana kila inchi.

"Nilikwambia uchane. Kiburi chako kina kona nne!"

Bila yeye ningekuwa kwenye ya nane.

Alhamisi, 14 Machi
Maame Konadu kapiga simu asubuhi. Hakuna salamu. "Chupa imepasuka. Anauliza zimebaki ngapi."

Tisa, nikasema. Nikamsikia Adoma nyuma: "Aje na wembe. Nakwenda zahanati. Lakini afumue zote kabla mtoto hajatoka, zote!"

Sasa ni saa saba mchana. Niko kwenye benchi nje ya wodi, uzi umejaa magotini kama nimenyoa kondoo. Mkunga kasimama: "We, unaharibu nepi za watu kwa nini?"

"Si nepi, mama. Ni matambara."

Nimesikia mdomo wangu mwenyewe ukisema hivyo! Mimi!

Maame Konadu kakaa upande wa pili wa benchi. Hanitazami. Kavuta nepi mapajani mwake, anafumua kwa pini ya kilemba.

Leo Alhamisi, siku niliyozaliwa mimi, ndiyo iliyonipa jina la Yaw. Akizaliwa leo ataitwa — basi. Hajafika.

Siamini mambo haya. Naandika ili kupumzisha vidole tu, vikichoka wembe unakata kitambaa. Na wembe wenyewe umevunjika. Zimebaki mbili. Natumia meno.

Adoma anapiga kelele ndani. Hamwiti mama yake, haniiti mimi.

"Ngapi, Yaw? Ngapi?"

Maame Konadu kamaliza yake, kanitazama kwa mara ya kwanza leo.

"Moja!" nikajibu, mdomo umejaa uzi.