Unyayo wa Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Machi 1972

Wagonjwa watatu zahanatini kabla ya saa nne. Mkata mkonge, panga limempitia kidole. Mkato: kingo zimenyooka, damu tele. Nikakandamiza, nikafunga. Wa pili kiwiko kimechubuka. Nilipompaka aidini alipiga kelele, nikamcheka. Tangu nirudi mafunzoni Korogwe hakuna jeraha linalonipiga chenga. Ndiyo, najisifu. Nani atanisoma?

Wa tatu mama mkwe, katoka kuanika singa za mkonge. Aibu iliyoje! Nikageukia kabati. Akasema kutoka mlangoni, "Nimechubuka unyayo, baba. Kidogo tu." Nikampitishia pamba na aidini bila kumtazama, akajipaka mwenyewe. Nikaandika daftarini: mchubuko.

Alhamisi, 9 Machi

Nimemwona kwa mbali, anakanyagia kisigino. Mchubuko haumchechemeshi mtu siku tatu. Nilipaswa kumwita. Nimeona haya. Nimemtuma mke wangu, Zaina, akamuulize. Amejibu kapona. Nimeridhika upesi mno.

Jumanne, 14 Machi

Mama mkwe taya limekaza. Hata uji haupiti. Zaina kamgeuza unyayo, kakuta tundu dogo jeusi, limeshaziba juu. Alikanyaga msumari wenye kutu. Akaona heri aseme mchubuko kuliko kuinua mguu mbele ya mkwewe.

Tundu! Ndilo tulilofundishwa kuliogopa. Mdomo mdogo, kina kirefu, halitoi damu ya kusukuma uchafu. Pepopunda hiyo. Nalijua hilo kama jina langu.

Tumempakia kwenye lori la singa kumpeleka hospitali. Zaina nyuma na mamake, mimi mbele na dereva. Hata leo nimekaa mbali naye. Mjinga mimi.

Ijumaa, 17 Machi

Mama amefariki alfajiri. Tumemzika baada ya swala. Nyapara kanishika mkono: "Umejitahidi, dakta." Nilitamani ardhi inimeze. Wote wanasema kazi ya Mungu. Yangu je?

Jumapili, 26 Machi

Nimemweleza Zaina yote. Kwamba sikutazama. Kwamba Alhamisi ile nilishajua si mchubuko. Nilitaka anitukane.

Alikuwa anapeta mchele. Kasema: "Ungemshika mama mguu, mimi ndiye ningekuita huna adabu." Akarudia kupeta mchele uliokwisha kupetwa.

Nilikwenda kutua mzigo, nimemtwisha na yeye.