Mijozi ya Shamba la Juu

Vienna, 4 Februari 2018

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Mgongo unasemaje kwenye baridi hii? Sisi wazima.

Baba, jirani yako Radoje amenipigia simu. Anasema tangu tumzike mama unakaa jikoni mpaka adhuhuri, koti mwilini, jiko halijawashwa. Chumba chako hapa kiko tayari. Nitakuja kukuchukua Pasaka, usinibishie.

Mwanao,
Desanka

Serbia, 11 Machi 2018

Desanka mwanangu,

Mimi mzima, mgongo ni uleule. Radoje ana mdomo mrefu, lakini hakudanganya. Nilikuwa naamka sijui naamkia nini.

Sasa sikiliza. Pasaka siji Vienna. Lile shamba la juu, lililoota miiba tangu tuuze ng'ombe, nataka kulijaza mijozi, ile miti ya kokwa za jozi. Nataka jozi zake ziingie kwenye keki za Krismasi za kijiji kizima. Mashimo nimeshaanza kuchimba. Radoje anapita kila siku kuniuliza nimemzika nani.

Baba yako

Vienna, 2 Aprili 2018

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima, maana mimi barua yako imeninyima usingizi.

Mijozi, baba? Umesahau wanavyosema kwetu? Anayepanda mjozi hufa siku shina likinenepa kama shingo yake. Mama aliing'oa hata ile iliyojiotea uani. Halafu una miaka sabini na moja, jozi zenyewe utazila lini? Tafadhali njoo. Naogopa.

Mwanao

Serbia, 18 Novemba 2018

Desanka,

Hamjambo huko? Nisamehe kwa kimya. Barafu ya Mei iliunguza nusu ya miche. Niliona aibu kukuandikia, nikarudi kukaa jikoni na koti langu, Radoje akibisha mlango simfungulii. Siku moja nikajichoka mwenyewe. Nikanyanyuka, nikapanda upya.

Kuhusu shingo, nimeipima kwa kamba. Radoje anasema ni ya fahali. Shina nene kuliko yote halijafikia kidole gumba, na mimi nazidi kula jibini na mafuta ya nguruwe ili shingo isifikiwe upesi. Usiogope.

Mwanangu, maisha yote mama yako na mimi tulilima kwa ajili ya tumbo. Hili ni jambo la kwanza nililojipangia mwenyewe. Jioni nikifunga lango najua kesho naanzia wapi, na nina furaha. Neno hilo sijawahi kukuandikia.

Baba yako

Vienna, 25 Agosti 2019

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama, na pilipili zako zimefika nzima.

Kuna jambo sikukwambia tulipokuwa pamoja. Safari hii nilikuja kukuchukua. Tiketi yako ilikuwa mkobani. Ulipotoka kunipokea umenyoa ndevu, ukanipitisha mstari kwa mstari ukiigombeza ile miche kama watoto watoro, mkono wangu haukwenda mkobani tena. Kwenye basi nililia, kwa furaha na kwa wivu. Mimi naamkia zamu ya kufua mashuka ya hoteli, basi.

Sitakuita tena uhamie huku. Ila niachie ule ukingo wa kijito shambani, ambao hujaupanda bado. Oktoba nina likizo, nitakuja kupanda mstari wangu kwa mikono yangu. Yale maneno ya shingo siyaogopi tena, umenifundisha kuyacheka.

Mwanao,
Desanka

Serbia, 3 Septemba 2019

Desanka mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikamsomea Radoje ile sehemu ninapogombeza miche. Alicheka mpaka akakaa chini.

Njoo Oktoba. Lakini kupanda, hapana. Najua nilikucheka, na bado nayacheka maneno yale, mradi shingo ni yangu. Juu ya shingo yako sichezi. Niite mshamba.

Ukingo wa kijito nimeupanda leo asubuhi, wote. Si msimu wake, na Radoje ameniambia hivyo mbele ya watu. Miche ikikauka nitaipanda upya kabla hujafika.

Mstari ni wako. Utaumwagilia, utaupogoa, jozi zake utauza au utakula, shauri yako. Ya kupanda niachie mimi.

Baba yako